Jina la kitabu husomwa mara mbili

Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ilitafsiriwa na Clement Ndulute na kutoka mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kisa hakikubadilika: kijiji ni kile kile cha Umuofia, wamisionari ni wale wale, na mwisho Okonkwo anajinyonga. Kilichobadilika ni mahali msomaji anapoanzia. Jina la Achebe, alilolichota katika shairi la W. B. Yeats, linatangulia kutuambia kwamba kuna jamii inayosambaratika, nasi tangu ukurasa wa kwanza tunatafuta nyufa zake. Jina la Kiswahili linamtanguliza mtu mmoja na kumpa sifa kabla hajatenda lolote. Basi tunampima kwa sifa hiyo, na anapomuua Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba, tunalazimika kujiuliza huo ni ushujaa gani. Naona tafsiri hiyo iliipoteza jamii pale jaladani, lakini ikazua swali zito ambalo jina la mwanzo haliulizi kwa ukali huo.

Ndiyo maana siafiki wanaolichukulia jina kuwa pambo la kumalizia kazi. Jina ni sehemu ya maandishi yenyewe, tena husomwa mara mbili: kabla ya kitabu kufunguliwa na baada ya kufunikwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni mfano bora kuliko wote ninaoujua. Mkatoliki yeyote anaitambua sifa hiyo ya Bikira Maria kutoka kwenye litania, na anafungua kitabu akitarajia habari za usafi. Anachokuta ni Rosa wa Ukerewe, binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akaingia katika ulimwengu wa wanaume bila kuandaliwa, akaharibikiwa hadi akajiua. Ukikifunika na kulitazama jina tena, unaona kwamba mwandishi hakumvua msichana huyo heshima hata mara moja. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya matendo yaliyomo, ilhali hukumu ya mwandishi ilikuwa imeandikwa waziwazi pale juu.

Waandishi wetu wana pia njia nyingine ya kumtega msomaji, nayo ni kuchukua msemo na kuuacha wazi. Ken Walibora aliita riwaya yake Kidagaa Kimemwozea. Kimemwozea nani? Swali hilo halitulii mpaka tumfahamu Mtemi Nasaba Bora na dhuluma zake. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nayo haisemi nani anamvuta nani, na kila mhusika anayeingia tunamwekea upande wake wa kamba.

Watu husema chema chajiuza. Labda kwa samaki au kitambaa, ambavyo mnunuzi huvishika na kuvikagua; kitabu hakionjeki kabla ya kusomwa, na aghalabu mgeni ana jina tu la kushikilia. Wengine watasema wanafunzi wa Kenya walisoma Kidagaa Kimemwozea kwa sababu ya mtihani, wala si kwa kuvutiwa na jina. Ni kweli, lakini mtihani humlazimisha mtu kununua na kusoma. Haumpi swali la kwenda nalo ndani ya kitabu. Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa Kezilahabi huyo huyo. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 ni majina yasiyomfungulia mlango mgeni, na bila shaka wapo walioyapita rafuni. Hata hivyo riwaya hizo zenyewe hazina njia iliyonyooka: wakati unavurugika, na msafiri hajui anafika wapi. Kuzipa jina jepesi kungewaleta wasomaji wengi zaidi na kuwaacha kurasa chache mbele wakihisi wamedanganywa, na msomaji aliyedanganywa na jalada ni mgumu kumrudisha kwa mwandishi yule yule.