Kusafiri ng'ambo na mbwa mkubwa: Anza na sindano, si tiketi

KATIKA eneo la Chepilat, kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Nyamira, mbwa mkubwa si pambo la nyumba. Yeye ndiye mlinzi wa boma na zizi la ng'ombe usiku kucha, na watoto humhesabu kuwa mmoja wa jamaa.

Ndiposa familia inapopata nafasi ya kuhamia ng'ambo kwa ajili ya kazi au masomo, swali gumu huzuka: je, mbwa naye ataachiwa nani?

Anayeamua kwenda naye hushawishika kuanza kwa kutafuta tiketi. Hata hivyo, tiketi ndiyo hatua ya mwisho. Safari ya mbwa huanzia kwenye sindano ya chanjo, na kwa anayeelekea Uingereza au mataifa ya Muungano wa Ulaya, maandalizi huchukua miezi minne au zaidi.

Sababu ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Nchini Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na haujaisha hadi leo. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unalenga kuutokomeza kufikia mwaka wa 2030.

Marekani, kwa upande wake, ilitangaza mwaka wa 2007 kuwa imeangamiza aina ya virusi vinavyoenezwa na mbwa. Nchi iliyofanikiwa hivyo haiko tayari kufungua mlango ovyo, na Kenya imo katika orodha yake ya mataifa yenye hatari kubwa.

Mpangilio wa hatua

Hatua ya kwanza ni kumtia mbwa chipu, yaani kidude kidogo cha elektroniki kinachowekwa chini ya ngozi na chenye nambari ya tarakimu 15. Hii ndiyo kitambulisho chake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata baada ya chipu, au siku iyo hiyo, na mbwa awe ametimiza wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haitambuliwi huko Ulaya, kwa kuwa hakuna ithibati kwamba aliyechanjwa ndiye huyu anayesafiri. Daktari wa mifugo sharti aandike nambari ya chipu kwenye cheti.

Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, mbwa hutolewa damu na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa, ili kubaini iwapo mwili wake umejenga kinga ya kutosha. Kiwango kinachokubalika ni angalau yuniti 0.5 kwa mililita moja.

Baada ya hapo, Uingereza na Muungano wa Ulaya humtaka mwenye mbwa kutoka Kenya asubiri miezi mitatu kamili tangu siku damu ilipotolewa. Kwa hivyo, anayetaka kusafiri mwanzoni mwa Septemba anapaswa kuwa amemchanja mbwa wake kabla ya Aprili kwisha.

Aidha, chanjo isiachwe kuisha muda. Ikiisha kabla ya kurudiwa, hesabu yote huanza upya.

Marekani ina utaratibu wake, ulioanza kutumika Agosti 1, 2024. Mbwa lazima awe ametimiza miezi sita, awe na chipu, na fomu ya chanjo yake iidhinishwe na daktari wa mifugo wa serikali. Mwenyewe hujaza fomu nyingine ya kumwingiza mbwa nchini humo.

Mbwa aliyechanjiwa Kenya huruhusiwa kutua tu katika viwanja vichache vya ndege vyenye kituo maalumu cha kuwahudumia wanyama. Hapo hukaguliwa na kuchanjwa tena. Asipokuwa na matokeo halali ya kipimo cha damu, huzuiliwa karantini kwa siku 28, na gharama zote ni za mwenyewe.

Kizimba na gharama

Mashirika ya ndege yanayoruhusu wanyama ndani ya chumba cha abiria hukubali wale wadogo tu, wanaotoshea chini ya kiti. Mbwa wa aina ya German Shepherd husafirishwa katika sehemu ya mizigo, na Uingereza huagiza kwamba mbwa anayewasili kwa ndege aandikishwe kama shehena, isipokuwa wale wanaowasaidia walemavu.

Kizimba chake sharti kimwezeshe kusimama, kuketi, kugeuka na kulala bila kubanwa. Ili kupata urefu wake, pima mbwa kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, kisha ongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele, kutoka chini hadi kwenye kiwiko. Upana ni upana wa mabega mara mbili. Kimo kizidi kidogo ncha ya masikio akiwa amesimama.

Kinachowashtua wengi ni bei. Shehena ya ndege hutozwa kulingana na uzito au nafasi inayochukuliwa, kutegemea ipi ni kubwa. Nafasi huhesabiwa kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000.

Kizimba cha sentimita 122 kwa 81 kwa 89 hutoa takriban kilo 147. Hivyo, mbwa wa kilo 40 hulipiwa kana kwamba ana uzito wa zaidi ya mara tatu ya huo.

Siku ya safari ikikaribia

Cheti cha afya hutolewa siku chache kabla ya safari. Kile cha Ulaya hutakiwa kutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili. Idara ya Huduma za Mifugo, yenye makao yake Kabete, ndiyo huidhinisha stakabadhi za mnyama anayetoka nchini. Mkazi wa Chepilat atenge siku za kwenda huko kabla ya kufika uwanja wa Jomo Kenyatta.

Isitoshe, anayeelekea Uingereza ampe mbwa dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kutua, na daktari aiandike. Mbwa wa aina ya XL Bully hapokelewi kabisa huko. Ndege ikipitia nchi nyingine, masharti ya nchi hiyo nayo yaulizwe mapema.

Madaktari wa mifugo hawashauri kumpa mbwa dawa ya usingizi, kwani huweza kuvuruga upumuaji na mapigo ya moyo angani. Afadhali azoeshwe kulala kizimbani kwa wiki kadhaa. Mbwa wenye pua fupi wamo hatarini zaidi, na pengine mbwa kama huyo, au aliyezeeka, ni heri aachiwe mtu mwaminifu nyumbani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mbwa anayefika bila karatasi kamili huweza kurudishwa alikotoka au kuzuiliwa, na sheria za baadhi ya nchi huruhusu hata auawe.

Hata safari ikivunjika, sindano haikupotea bure. Mbwa aliyechanjwa huko Chepilat humkinga pia mtoto wa jirani anayepita langoni kila asubuhi akienda shuleni.