Kupokea Bomba la Maji Si Kupokea Ufunguo Tu



Mapigano ya Watwa na Waluba ya 2016 na 2017 yalileta familia nyingi hapa Kalemie. Mashirika yakajenga mabomba na vyoo. Mradi ukiisha, mjenzi anaondoka, ugomvi unaanza. Mwenyeji anasema: udongo ni wetu. Mkimbizi anasema: bomba lilijengwa kwa ajili yetu.

Sheria inasemaje? Tangu 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka huduma ya maji mikononi mwa jimbo, miji na komini. Kwa hiyo mjenzi hawezi kumpa mtu mmoja bomba liwe lake, awe chefu au mkimbizi.

Basi, kabla ya kupokea ufunguo, fanyeni hivi. Jaribuni bomba mjenzi akiwapo. Andikeni barua ya makabidhiano: vitu gani, viko katika hali gani, nani atatengeneza kikiharibika. Chefu wa kartie atie sahihi, nakala moja ibaki komini. Kisha chagueni komite ya wenyeji na wakimbizi, pamoja na wanawake, kwani ndio wanaochota. Anayeshika pesa asiwe yule anayeshika daftari.

Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu wote. Pesa zikifichwa, watu watatafuta kabila la mwizi. Zikionekana, watatafuta fundi.