Tukeneke Maji kwa Jua, Si kwa Kuni

Visima vingi vya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Mwalimu wa sayansi anapowafunza wanafunzi kuyakeneka, yaani kuyageuza mvuke kisha kuupoza uwe maji safi, swali la kwanza huwa: joto litoke wapi?

Wengi hukimbilia kuni. Nami nauliza, gharama yake imepigiwa hesabu? Lita moja ya maji yanayochemka huhitaji takriban kilojuli 2,257 ili igeuke mvuke wote. Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto hewani; hivyo lita hiyo moja huweza kumaliza zaidi ya kilo nzima ya kuni. Migunga iliyobaki itatosha? Si bure Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018.

Jua halikatwi kwa shoka. Sanduku jeusi la mita moja mraba, lililofunikwa kwa kioo cha mshazari, huweza kutoa lita mbili tatu siku ya jua kali. Ni kidogo, nakiri. Halitoshelezi kijiji wala mifugo. Lakini mtu mmoja atakunywa, na maabara ya shule itapata maji yake. Walimu, liundeni, wanafunzi, pimeni wenyewe.