Miwani ya Babu Hairingi

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Likizo iliyopita tulikuwa na matanga hapa Kakuyuni. Babu aliingia nyumbani kutoka juani, miwani yake nyeusi tititi. Mzee mmoja akanong'ona, "Ona huyu! Msibani na miwani ya kuringia!" Babu alisikia, akaivua. Bila miwani haoni vizuri. Mfiwa akamnyoshea mkono, babu asiuone. Wallahi nilifedheheka, nikaapa kuueleza ukweli wa miwani ile.

Lenzi zake ni za plastiki iliyotiwa rangi yenye kuhisi mwanga. Kivulini, molekuli za rangi hiyo zimejikunja na mwanga hupita tu. Zikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua, kifungo kimoja cha atomi hukatika, molekuli ikajigeuza na kunyooka. Hapo ndipo humeza mwanga, na lenzi ikawa nyeusi. Ukirudi kivulini, joto huirudisha katika umbo lake la kwanza.

Mbona basi haibadiliki papo hapo? Plastiki ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Katika plastiki ngumu mfano wa kioo, minyororo hiyo imesongamana, haisogei. Fikiria matatu ya kutoka Malindi iliyojaa pomoni: umebanwa huku na huku, hata kujikuna ni kazi. Kugeuka utageuka, lakini polepole, ukitafuta upenyo. Ndivyo ilivyo molekuli ya rangi. Mwaka 2005 watafiti wa Australia, Richard Evans na wenzake, walitangaza kuwa wameifunga molekuli hiyo mkia mlaini wa polima. Mkia huo huifanyia nafasi ndani ya plastiki ngumu, ikageuka upesi zaidi.

Tena, joto huharakisha molekuli kurudi. Kwa hiyo lenzi ile ile hukoza zaidi katika baridi ya Limuru kuliko kwetu pwani. Na ndani ya gari haikozi sana, kwani kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno.

Nilimweleza mzee yule haya yote. Kesho yake alimwita babu kutoka juani, wakaketi kivulini, naye akaitazama miwani ikipauka hadi macho ya babu yakaonekana. "Kumbe!" akasema, akampa mkono.

Jamani wanafunzi wenzangu, mtu akiingia na miwani nyeusi, mpeni dakika chache kabla ya kumhukumu.