Mafuta ya Damu ya Kijana Mnene

Mzazi akisikia kolesteroli ya kijana wake mnene iko sawa, hushusha pumzi. Mapema mno. Unene wa umri huo mara nyingi hauitikisi sana kolesteroli ya jumla. Dalili zake ziko kwenye mistari mingine ya majibu: trigliseridi zimepanda, na HDL, ambayo husaidia kurudisha kolesteroli kwenye ini, imeshuka.

Chanzo ni kitambi. Mafuta yaliyorundikana kuzunguka utumbo huachiliwa kwa wingi hadi kwenye ini, kwa sababu insulini, ambayo kazi yake ni kuyazuia, haitiiwi tena. Ini hilohilo linageuza sukari ya soda na juisi za pakiti kuwa mafuta. Likielemewa, huyafungasha kama trigliseridi na kuyamwaga kwenye damu. Hapo chembe za LDL, zinazobeba kolesteroli kwenye damu, nazo hubadilika: zinakuwa ndogo, zimeshikana, na hupenya ukuta wa mshipa kwa urahisi. Kolesteroli iliyomo yaweza kusomeka ya kawaida huku chembe zenyewe zikiwa zimeongezeka. Balehe nayo huteremsha LDL kwa muda, ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2011 unashauri kupima kati ya miaka 9 na 11, halafu 17 na 21.

Madhara ya mafuta haya ya damu si ya kufikirika. Huko Bogalusa, Louisiana, Dkt. Gerald Berenson na wenzake walifuatilia watoto wa mji mzima tangu miaka ya 1970. Baadhi yao walipofariki wakiwa bado vijana, wengi kwa ajali, mishipa yao ilichunguzwa. Matokeo ya 1998 yalionyesha kwamba kadiri unene, presha na mafuta mabaya ya damu vilivyokutana kwa mtu mmoja, ndivyo mishipa ya moyo ilivyokuwa imeharibika zaidi.

Lakini uchambuzi wa 2011 uliounganisha data za Bogalusa na tafiti nyingine tatu ulikuta kwamba watoto wanene waliofika utu uzima bila unene walikuwa na hatari inayokaribiana na ya wenzao ambao hawakuwahi kunenepa. Trigliseridi hasa ni tiifu: kijana akiacha soda na kuanza mazoezi, zaweza kushuka katika wiki chache, hata mizani isiposogea sana.

Mkienda maabara, kijana awe hajala tangu usiku. Na msitegemee viwango vilivyochapwa kwenye karatasi, kwani mara nyingi ni vya watu wazima. Kwake yeye, trigliseridi kuanzia 1.5 mmol/L tayari ni nyingi.