Kuhakiki Kipimajoto cha Unyuzi wa Kioo katika Tiba ya Saratani kwa Joto

Katika tiba ya saratani kwa joto, uvimbe hupashwa kwa mawimbi ya redio au ya mikrowevu hadi kati ya digrii 40 na 43 za Selsiasi, aghalabu sambamba na mionzi au dawa. Kipimajoto chenye waya wa chuma hakifai hapo: waya huyanasa mawimbi yale yale, husoma uongo, na huweza kuunguza tishu zilizo kando yake. Hutumika badala yake unyuzi mwembamba wa kioo, usiopitisha umeme.

Hata hivyo, kinachosomwa hasa ni nuru. Katika aina moja iliyozoeleka, ncha ya unyuzi hubeba punje ya fuwele ya galiamu asenidi. Nuru nyeupe ikiifikia, fuwele hufyonza mawimbi mafupi na kurudisha marefu. Mpaka baina yake husogea takriban nanomita 0.4 kwa kila digrii. Mashine huutafsiri mpaka huo kuwa tarakimu ya joto, na tafsiri yaweza kupotoka.

Kwa hiyo ncha hutumbukizwa katika maji yanayokorogwa mfululizo, ikigusana na kipimajoto sanifu chenye cheti, na husubiriwa hadi vyote viwili vitulie. Haraka huharibu kazi hii kuliko jambo lolote. Kituo kimoja hakitoshi, kwani ncha inayosema kweli kwenye digrii 37 yaweza kukosea kwenye 43. Hupimwa angalau vituo vitatu, kimojawapo juu ya joto la tiba. Tofauti huandikwa pamoja na namba ya ncha na ya tundu lake kwenye mashine.

Kosa la digrii moja si dogo. Dozi ya joto huhesabiwa kwa dakika zinazolingana na digrii 43, na chini ya hapo kila digrii inayopungua huhitaji takriban muda mara nne. Mashine ikionyesha 43 ilhali uvimbe uko kwenye 42, dakika 60 za tiba huwa na nguvu ya dakika 15 tu, na faili la mgonjwa litaonyesha dozi kamili. Ikikosea kwa kusoma chini, mgonjwa aweza kuungua.

Tena ncha husoma pale ilipo tu. Mgonjwa anayehisi kuchomwa mahali fulani aseme papo hapo, hata kama tarakimu zinaonekana salama.