Siri Kati ya Manowari: Jinsi Wanamaji Washirika Wanavyowasiliana

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Je, itakuwaje pale manowari za mataifa kadhaa zinapolazimika kusafiri na kupigana kama chombo kimoja? Makala hii inanuia kufafanua namna majeshi ya wanamaji yaliyo washirika yanavyopashana habari kwa siri, na kiini cha ugumu wa kazi hiyo.

Ugumu wa kwanza hutokana na bahari yenyewe. Manowari haiwezi kuburura waya. Hutegemea mawimbi ya redio na setilaiti, ambayo huweza kunaswa na rafiki na adui vilevile. Isitoshe, vyombo havitulii mahali pamoja. Hukaribiana, hutengana, na vingine huzama. Mtandao wao sharti uyamudu hayo yote bila kukatika.

Mfano mwafaka ni Link 16, mtandao unaotumiwa na Marekani na washirika wake wa NATO. Humo, kila sekunde hugawanywa katika vipande 128 vya wakati, na kila chombo hutengewa vipande vyake vya kusema. Kwa kuwa hakuna kituo kimoja kinachopitisha jumbe zote, chombo kimoja kikitoweka, vilivyosalia huendelea kuwasiliana. Aidha, mawimbi hurukaruka baina ya masafa 51 kwa mpangilio ujulikanao tu na mwenye ufunguo wa siri. Asiye nao huambulia kelele tupu.

Hata hivyo, mitambo pekee haitoshi. Kadiri siri inavyogawiwa wengi ndivyo hatari ya kufichuka inavyoongezeka. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Uingereza, Marekani na Kanada zilitumia msimbo mmoja kuelekeza misafara ya meli katika Atlantiki. Wanamaji wa Ujerumani waliufumbua, wakawa wanasoma nyingi za jumbe hizo hadi msimbo ulipobadilishwa mnamo Juni 1943. Walinzi walidhani wameificha misafara, kumbe nyambizi zilikuwa zinaelekezwa kwayo.

Kwa upande mwingine, kunyimana habari nako huangamiza. Mnamo Februari 2024, manowari ya Ujerumani iitwayo Hessen iliifyatulia makombora mawili ndege isiyo na rubani katika Bahari ya Shamu. Washirika walikuwa wameulizwa, lakini hakuna aliyekiri kuwa ni yake. Baadaye ilibainika kuwa ni ya Marekani. Iliponea chupuchupu kwa sababu makombora yalipata hitilafu, yakatumbukia baharini.

Ndiposa wanamaji hulazimika kuzipanga siri kwa ngazi. Uharamia ulipochacha katika Ghuba ya Aden na pwani ya Somalia mwishoni mwa miaka ya 2000, hata China, India na Urusi, zisizokuwa katika muungano mmoja na nchi za Magharibi, zilishiriki doria. Mtandao uitwao Mercury, uliopitia intaneti ya kawaida, uliziwezesha kuarifiana palipo na hatari bila kufichuliana siri za kivita. Meli zinazosafiri kati ya Mombasa na Ulaya kupitia njia hiyo zilifaidi.

Ni dhahiri basi kuwa swali gumu zaidi si la mitambo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nao washirika hawana budi kuamua, kabla ya vita, ni nani atakayekuwa kata.